Nota Mbili za Besi

Jumapili, 13 Julai

Kuanzia leo mimi ni mpiga besi. Bado sijaigusa, lakini hilo ni suala la muda tu.

Ilikuwa hivi. Bendi ya Mzee Mwishehe hupiga jazi kila Jumapili alasiri kwenye bustani ya baa moja hapa Sinza, ng'ambo ya karakana yangu ya makochi. Mzee yuko kwenye piano, Stephano kwenye saksafoni, Naima kwenye ngoma. Augustine, aliyekuwa akipiga ile besi kubwa ya kusimama, amerudi Masasi kulima korosho na amesema harudi. Besi yake imeegemea ukuta, imenizidi kimo. Mzee akatuuliza wateja kama tunamjua mtu.

Nikauliza kazi yenyewe ikoje. Mzee akanieleza kwa upole kwamba kwa kuanzia ni kupiga mbili tu. Wimbo unahesabiwa mapigo manne manne. Besi inapiga nota kwenye pigo la kwanza na la tatu. Basi.

Mbili! Stephano anatoka mishipa ya shingo kwa nota mia, besi inapiga mbili, na makofi wanagawana sawa. Nikasema mie nilipigaga besi zamani, shuleni kule kusini. (Nilipiga kengele ya chakula.)

Tarehe 26 bendi ina sendofu, ile sherehe ya kumuaga bibi harusi kwao. Ni ya Jesca, binti wa Mama Anjelina, mwenyekiti wa kikundi cha mke wangu. Mzee akasema nikiweza kushika mbili siku hiyo, nafasi ya Augustine ni yangu moja kwa moja.

Ninaitaka. Siku zote nitajifanya natania, ila humu naandika ukweli. Nina miaka arobaini na minne. Nusu ya Sinza imekalia makochi yangu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuinuka akanipigia makofi.

Jumatatu, 14 Julai

Nimeileta besi nyumbani Goba kwa bajaji. Kosa langu lilikuwa kuikinga vumbi kwa shuka jeupe.

Kwenye kile kilima cha kwanza bajaji ikaishiwa nguvu, tukawa tunakwenda mwendo wa miguu. Mama mmoja akaona kitu kirefu, kimefunikwa sanda, mimi nimekikumbatia. Akavua kilemba akajitanda. Akaungana nasi. Akaja fundi matofali na wenzake wawili. Hakuna msiba unaopita mtaani kwetu bila watu. Tulipofika getini tulikuwa kama ishirini, na mzee mmoja alikuwa ameshaanza kuuliza marehemu ni nani.

Ningesema ukweli palepale. Lakini watu walikuwa wamepanda kilima chote kile! Nikasema ni ndugu wa mbali.

Mke wangu Adelina akatoka ndani, akafunua shuka, akawaambia watu ni gitaa. Fundi matofali amenuna. Adelina akaniuliza kitu hicho ni cha nini, nikamjibu ni maisha yetu ya mbele. Akasema maisha yetu ya mbele hayapiti mlangoni. Ikabidi nitoe kochi sebuleni. Fundi makochi mzima, usiku wa leo tumekula tumekaa kwenye ndoo.

Nimeipiga robo saa. Malengelenge mawili. Moja kwa kila nota.

Jumatano, 16 Julai

Tatizo limejitokeza. Gitaa la kawaida lina vyuma shingoni vya kukuonyesha pa kubonyeza. Besi hii haina kitu. Ubao mtupu! Unabonyeza kwa imani.

Lakini mimi ni fundi. Nimechukua chaki ya kuchorea vitambaa, nikatafuta kila nota kwa kufuatisha muziki kwenye simu, nikaweka alama: moja, mbili, tatu, mpaka kumi na moja. Sasa hata mtoto wa chekechea angeweza. Siku mbili mbele ya ratiba.

Jioni kaja shemeji yangu Apolinari, mdogo wake Adelina. Huyu anapiga gitaa la besi kwenye kwaya, vidole vinakimbia utadhani anadaiwa na mtu. Ameitazama besi, amenitazama mimi, akauliza nani kamshika mwenzake. Kisha akasema, huku anajipakulia ugali wangu, kwamba na yeye ameomba nafasi ile kwa Mzee Mwishehe.

Nikamtakia heri. Nilikuwa na mfupa mdomoni, kwa hiyo huenda hakusikia vizuri.

Jumamosi, 19 Julai

Mazoezi ya kwanza na bendi. Aibu.

Nilibonyeza alama zangu moja baada ya nyingine, bila wasiwasi, kichwa juu. Kila nota iliyotoka ilikuwa jirani wa ile iliyotakiwa. Stephano akatoa saksafoni mdomoni akaikagua, akidhani imeharibika. Mzee Mwishehe akafunika piano taratibu, akaniuliza hali za nyumbani.

Nikamuona Apolinari kwenye kona anafuta machozi ya kicheko. Akakiri kwamba Jumatano ile, nilipokwenda kumnunulia soda, mimi mwenyewe kwa hela yangu, alifuta chaki yote akaichora upya, vidole viwili juu zaidi. Nimempa soda baridi mtu aliyekuwa ananizika.

Na siwezi kukasirika! Ni shemeji. Shemeji akikutania unacheka, ukinuna umevunja mila na dada yake anakuwa upande wake. Nikacheka. Naima akanipa pole, akasema, "Braza Kasi, hicho kicheko chako nacho hakipo kwenye sauti."

Jumatatu, 21 Julai

Leo nimepanga mawili. Sijalala mchana kwa kuwaza.

La kwanza: nimempigia Apolinari, nimemwambia kwa siri, kama ndugu, kwamba Mzee anapenda mtu anayejaza. Kupiga mbili ni kipimo tu cha kuona nani ana ujasiri wa kupiga nyingi. Asiwe na huruma. Akanishukuru sana. Ameniita kaka.

La pili ni la kitaalamu. Nimechomeka kipande cha sponji chini ya nyuzi za besi, ile sponji ngumu ya kochi la wageni. Sauti inakufa kabisa, inabaki *dup*. Kama nota haisikiki, nani atajua ni nota gani? Mtu hawezi kuhukumiwa kwa *dup*.

Jumanne, 22 Julai

Mazoezi. Apolinari ametangulia na gitaa lake la besi. Akajaza! Hakuacha hata upenyo wa kupitisha sindano. Wimbo ulipoisha aliendelea kidogo. Mzee Mwishehe akapangusa miwani yake, kisha akamwambia, "Mwanangu, umepiga vizuri sana. Sasa sisi wengine tupige lini?"

Nilitamani kurukaruka. Nikajizuia, nikainuka kwa zamu yangu.

*Dup. Dup. Dup.* Nilikuwa nimefunga macho. Naima akauliza napiga au napapasa. Mzee akaja mwenyewe, akapitisha mkono chini ya nyuzi, akaivuta sponji, akaigeuzageuza. Akasema ni sponji nzuri. Akairudisha mkononi mwangu na kunieleza kwamba hata kuzipata zile nota ni nusu tu ya kazi. Nota ya pigo la kwanza inatakiwa iimbe mpaka ya pigo la tatu iipokee, kidole kisiachie. Wenye kukata wanawaacha wenzao wanaelea. Yeye anategemea ule mlio wenyewe ili ajue pa kuweka mkono wake.

Sikuelewa vizuri, ila nilitikisa kichwa mara nyingi.

Uamuzi: Jumamosi kwenye sendofu tutajaribiwa wote wawili. Apolinari atapiga wakati bibi harusi anaingia ukumbini. Mimi nitapiga wakati kikundi cha akina mama kinaleta zawadi. Halafu Mzee ataamua, na hatabadilisha tena.

Zawadi ni kabati la vyombo, lenye vioo. Wabebaji ni wanawake wanane. Kona ya mbele kulia ni mke wangu.

Alhamisi, 24 Julai

Siku njema kupita zote.

Nimerudi mapema, vidole vitatu vina plasta. Uani Adelina na Mama Anjelina wanatwanga kisamvu, kinu kimoja, michi miwili, wanapokezana. Nikaomba nimpumzishe Mama Anjelina, maana kiherehere changu hakijui kupumzika. Nikaugonga mchi wa mke wangu mara tatu mfululizo.

Adelina akasimama, akajifuta uso kwa ncha ya kanga.

"Baba Leonardi, unawahi," akasema. "Mchi uache ushuke ufike. Ukiwahi utamvunja mwenzio mkono."

Nikamrudishia Mama Anjelina mchi wake. Kisha nikakimbilia ndani, nikaikokota besi mpaka uani. Nikawaomba waendelee kutwanga. Mchi wa Adelina ukishuka, nota. Naiacha iimbe, sikiachii kidole, nasubiri. Mchi wa Mama Anjelina ukishuka, nota nyingine. Mwanzoni ule muda wa katikati ulinitisha, mkono ulikuwa unawasha kutaka kuweka kitu. Halafu ukaacha kuwasha. Mama Anjelina akaanza kutikisa mabega. Adelina akaanzisha wimbo wa unyago wa kwao, nusu nusu, huku anacheka. Sikuwa nafikiria kitu chochote. Nilikuwa na furaha tu, furaha tupu, mpaka nikaogopa kuitazama.

Kisamvu kimelainika mpaka kimekuwa uji. Tumekula hivyo hivyo.

Basi! Kupiga mbili nimemaliza. Kilichobaki sasa ni madoido.

Ijumaa, 25 Julai

Nimejishonea koti la Jumamosi. Velveti nyekundu iliyoiva, masalia ya makochi ya mteja mmoja wa Tandale. Vifungo vile vya kuzamisha kwenye mgongo wa kochi. Nimejitazama kwenye kioo kwa muda mrefu.

Adelina ameniomba nisisimame karibu na viti, watu wasije wakanikalia. Wivu.

Jumamosi, 26 Julai

Nitaeleza kwa utaratibu.

Sendofu ilianza saa nane mchana kwa sababu jioni ukumbi ulikuwa na watu wengine. Watu mia tatu. Koti la velveti, mwezi wa saba au si wa saba, ni tanuri.

Apolinari akaanza. Nikakaa vizuri nimuone anavyoangamia. Jesca akatokea mlangoni na gauni la kijani, na shemeji yangu akapiga mbili. Mbili! Safi, ndefu, zinapokezana, na bibi harusi akaingia anaelea. Msaliti mkubwa. Nilimwambia ajaze! Watu wakapiga vigelegele. Mzee Mwishehe akatikisa kichwa kwa kuridhika, na mimi nikajua kwamba kama sitafanya zaidi ya hapo, nimekwisha.

Zamu yangu. Wale wanane mlangoni, kabati mabegani. Nyuma yao wanawake wawili wengine wana mabeseni ya sahani vichwani. Mzee akaanzisha, Naima akapokea, nikaingia na mbili. Mguu wa kulia, mguu wa kushoto. Wakaja taratibu, wanayumba pamoja, kanga zao za sare zinameta. Wakafika hatua kumi na kila kitu kilikuwa kama uani kwetu.

Halafu nikaona simu. Kijana wa meza ya upande wa bwana harusi alikuwa ananirekodi. Mimi! Na nilichokuwa nampa ni mbili, zilezile alizopiga Apolinari.

Nikaongeza nota moja. Tamu. Nikaongeza nyingine. Nikawa napiga zote nne.

Hakuna aliyewahi kunieleza kwamba akina mama wenye zawadi hawasikilizi piano wala saksafoni. Miguu yao inafuata besi. Nilipopiga nne, wakapiga hatua nne. Na kwa kuwa nilikuwa na furaha, nikaharakisha. Nao wakaharakisha. Kabati likashika mbio katikati ya meza. Milango ya vioo ikawa inafunguka na kujifunga. Sahani zikaanza kupiga kelele kwenye mabeseni. MC akawasihi akina mama kwenye kipaza sauti wakumbuke hatuko mashindanoni, na watu wawili wakaibeba keki kuiondoa njiani. Naima akanirushia kijiti kimoja cha ngoma, kikanipata begani, velveti ikakinga. Nikadhani ananipongeza.

Ndipo nikamuona Adelina. Kona ya mbele kulia, jasho, kilemba kimemfunika jicho moja, na lile jicho lililobaki lilikuwa linanitazama mimi.

"Baba Leonardi!" akasema juu ya kelele zote. "Acha ushuke ufike!"

Nikapiga nota moja. Nikaishikilia. Sikupiga nyingine.

Wanawake kumi wakabaki na mguu mmoja hewani. Ukumbi mzima kimya. Kabati limeegama kidogo upande wa meza kuu, beseni moja linazunguka polepole kichwani mwa mtu. Nota ilikuwa inaimba, inapungua, na kila kitu ndani yangu kilitaka kuongeza kitu. Nilimtazama mke wangu tu. Nilisubiri. Sijawahi kusubiri kitu namna ile, hata mtoto wetu alipozaliwa.

Nikapiga ya pili. Miguu kumi ikashuka pamoja. Tulisikia mguu mmoja tu.

Mungu wangu, vigelegele! Watu walidhani wamefanyia mazoezi mwezi mzima. Wakainuka. Kabati likaendelea mbele kwa mwendo wa kifalme, mguu mmoja, kimya, mguu mwingine, kimya, na Naima akarudi na kijiti kimoja, na Mzee Mwishehe akaweka nota zake chache kwenye zile nafasi, na akainua kichwa akanitazama kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane. Nilishika mbili dakika kumi na nne, mpaka sahani ya mwisho ilipokaa kabatini. Haikuvunjika hata moja. Watu mia tatu walikuwa wamesimama, wanapiga makofi, na baadhi yao walikuwa wanapiga makofi kuelekea kwangu. Nikalia ndani ya lile koti.

Baadaye tulikula pilau nyuma ya ukumbi, karibu na masufuria. Mzee Mwishehe alinawa, akakaa, akala matonge mawili kabla ya kusema. Akasema shemeji yangu amepiga bila kosa, na angeweza kumpa nafasi. Lakini yeye mwenyewe amepiga miaka mingi na watu waliokuwa wanakosea, na hajaona mtu aliyethubutu kunyamaza namna ile.

"Nafasi ni yako, Kasiani," akasema. "Kwa sharti moja. Mpaka Desemba piga mbili, na usiongeze kitu. Chochote."

Nikaapa. Kwa jina la marehemu mama yangu. Apolinari akanikumbatia, kwa moyo kabisa, akasema shemeji siku nyingine tuwape akina mama raba. Nikamuuliza amejuaje kupiga mbili wakati nilimwambia ajaze. Akasema Jumanne ile alimfuata Mzee, akamuuliza anataka nini, Mzee akamwambia.

Alimuuliza! Wazo hilo halikuwahi kunijia.

Adelina amelala na dawa ya kuchua begani. Kabla hajalala amesema nilipiga vizuri pale mwishoni. Nimemuomba arudie, akarudia.

Jumapili, 27 Julai

Siku yangu ya kwanza kama mpiga besi rasmi. Nimepiga mbili alasiri nzima, sikuongeza kitu. Nimekuwa mtu mwingine. Mtulivu. Naona hata natembea tofauti.

Tulipomaliza, Stephano akatangaza kwamba anakwenda Mtwara wiki tatu, wana shughuli ya ukoo. Na Jumamosi ijayo bendi ina harusi kubwa Goba, mtaani kwangu, mbele ya wale wote walionisindikiza na shuka jeupe. Mzee Mwishehe akahuzunika. Akauliza kama kuna anayemjua mtu wa saksafoni. Saksafoni inasimama mbele ya bendi kabisa. Besi ipo nyuma, nusu yangu imefichwa na mbao.

Mkono wangu ukainuka. Nikasema mie nilipulizaga zamani, shuleni kule kusini.

Mzee akaanza kusema kitu, Naima akaanza kucheka, na Stephano, ambaye alikuwa anawahi basi, akanikabidhi chombo kikiwa ndani ya mkoba wake. Besi nimemwachia shemeji Apolinari anishikie kwa siku hiyo moja. Amekubali haraka mno, ni kijana mwema. Adelina nitamweleza kesho, bega likipoa.

Nimeifungua sasa hivi. Ina vitufe vingi kupita kiasi, lakini naona vingine ni mapambo. Kazi yenyewe ni kupuliza tu, na mimi jiko la mkaa nimelipuliza tangu darasa la pili.